Kula Si Lazima

"Pole, babu."

Maneno hayo niliambiwa Jumamosi iliyopita na binti wa darasa la nne. Alikuwa amepiga goti na mkono wangu ameushika kwa mikono yake miwili, kama vile tumekutana msibani. Mimi si babu wa mtu yeyote. Lakini mfalme wangu alikuwa amekwisha kufa, tena hatua ya saba, na marehemu habishani kuhusu umri wake.

Yalikuwa mashindano ya sataranji, hapa hapa Dodoma, kwenye ukumbi ambao sitautaja kwa sababu mlinzi wake ananifahamu na aliona kila kitu kupitia dirishani. Wanaojua wanasema mchezaji wa kweli akishindwa anarudi nyumbani, anachukua karatasi aliyoandikia mchezo na kuupitia hatua kwa hatua, bila kujionea huruma, mpaka apaone palipoharibika. Basi nimeupitia. Nimeupitia kitandani, nimeupitia kazini faili likiwa wazi mbele yangu, nimeupitia kwenye daladala ya Nzuguni nikapitiliza kituo. Nimewapata wahusika wengi. Mimi nimo kwenye orodha, lakini chini kabisa, jirani na feni.

Hatua ya kwanza. Nilipewa kete nyeupe, na nyeupe ndiyo inayoanza. Nikamsogeza askari aliyesimama mbele ya mfalme, vyumba viwili. Binti akamsogeza wa kwake, vyumba viwili, wakakabana katikati ya ubao. Mtazamaji atasema hapo hakuna kilichotokea. Kimetokea! Mchezo unapoanza, mweupe ana njia 20 tu za kucheza: askari wanane, kila mmoja anaweza kwenda chumba kimoja au viwili, na farasi wawili, kila mmoja ana pa kurukia pawili. Mweusi naye ana zake 20. Kwa hiyo kila mmoja akishacheza mara moja, mnaweza kuwa mmefika hapo kwa njia 400. Kila mmoja akishacheza mara mbili, njia ni 197,281. Mara mbili tu, chai ya asubuhi haijapoa! Mwaka 1950 Mmarekani mmoja mtaalamu wa hesabu, Claude Shannon, alikadiria idadi ya michezo yote inayoweza kuchezwa kwenye ubao huu, akapata namba ambayo ukitaka kuiandika unaanza na moja kisha unapanga sifuri 120. Habari hiyo niliisoma usiku wa kuamkia mashindano, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyonijia kichwani nilipokaa mezani. Nikawa naziwaza sifuri. Binti alikuwa anatazama dari.

Nimesikia kuna mzazi aliyenung'unika kwamba mzee wa meza namba nne anachelewesha watoto. Sikuchelewesha mtu. Mji huu wenyewe unajua kufikiri kabla ya kusogeza kete. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Waziri Mkuu akahamia mwaka 2016, Makamu wa Rais mwaka 2017, Rais mwaka 2019. Hakuna aliyemtoa mfalme kabla njia haijasafishwa, na leo treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam. Dakika chache za mtumishi wa kawaida kumfikiria askari wake zinamuuma nani?

Zinaiuma saa, kumbe. Saa ya sataranji ina nyuso mbili, moja yako na nyingine ya mwenzako. Ukimaliza kucheza unabonyeza kitufe cha upande wako: wako unasimama, wa mwenzako unaanza kutembea. Muda wako ukiisha umeshindwa hata kama ulikuwa na jeshi zima na yeye amebaki na askari mmoja mwenye homa. Na sharti ni kubonyeza kwa mkono ule ule uliosogezea kete, ili mtu asicheze kwa mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Mtu aliyefikiria sharti hilo aliwahi kuishi na wanadamu. Binti alikuwa anabonyeza saa yake kwa kidole kimoja, taratibu, bila kuitazama, kama mwenye duka anayezima taa.

Hatua ya pili. Farasi wangu akaruka kwenda kumtishia yule askari wake wa katikati, farasi wake akaja kumlinda. Hapa sina malalamiko.

Hatua ya tatu. Nikamtoa askofu mpaka c4, akaelekeza macho f7. Chumba hicho ndicho kidonda cha mweusi mwanzoni mwa mchezo, kwa sababu askari anayekaa hapo analindwa na mfalme peke yake, na mfalme ni mlinzi mbaya: ana shughuli ya kujilinda mwenyewe. Waitaliano wamekuwa wakifungua mchezo namna hii kwa karne nyingi, nami nikajiona nimeingia kwenye ukoo wa watu wa maana. Ndipo binti akamchukua yule yule farasi aliyekuja kulinda, akampeleka d4, katikati ya ubao, akamwacha askari wake wa e5 hana mlinzi.

Kila kitabu cha wanaoanza kinakataza kusogeza kete moja mara mbili wakati wenzake bado wamelala. Nikamhurumia mtoto wa watu. Nikawaza mamake aliyemleta, ada aliyomlipia, na sare aliyoipiga pasi. Na nitangulize ushahidi: nyumbani nimeiuliza Stockfish, programu ya bure ambayo hata kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka inamshinda binadamu yeyote aliye hai, nayo inasema baada ya hatua ya tatu mimi ndiye niliyekuwa mbele. Naomba liandikwe hivyo. Niliongoza.

Sasa ili uelewe hatua ya nne inabidi twende kwanza chini ya mwarobaini.

Kuna mwarobaini mmoja upande wa Majengo ambao chini yake palikuwa na benchi, ubao wa drafti uliochorwa kwa makaa na vizibo vya soda. Mmoja anacheza na vizibo vilivyolala, mwingine na vilivyogeuzwa. Sheria ya kwanza ya drafti ni kwamba kula ni lazima. Ukiwa na cha kula, unakula. Huulizwi una njaa gani. Utamu wote wa mchezo uko hapo, maana mwenzako anajua huna hiari, kwa hiyo anakulisha: anakupa kete moja, unaila kwa uchungu, anakupa ya pili, unaila huku unaona kabisa inakokupeleka, halafu yeye anaondoka na zako tatu kwa mpigo na kutua kwenye mstari wa mwisho akiwa kingi. Mtu anaweza kukaa pale tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri akilishwa tu. Na wakati unalishwa, watazamaji sita wanapiga kelele juu ya kichwa chako. "Unalishwa huyo!" "Si nilimwambia asitoe ile!" "Mzee, angalia kulia, kulia kwako!" Chini ya mwarobaini hakuna mtu anayekufa peke yake.

Mimi nimekulia kwenye sheria hiyo. Vidole vyangu vinaijua kuliko mimi. Nilipomwona askari wa e5 amesimama hana baba wala mama, mkono uliondoka wenyewe ukamshika farasi.

Na sataranji ina sheria yake: ukigusa umecheza. Kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uisogeze. Ukitaka tu kuiweka sawa kwenye chumba chake unatakiwa utangaze kwanza, na desturi ya dunia nzima ni kutangaza kwa Kifaransa. Mimi sikutangaza kitu kwa lugha yoyote. Nilikuwa nimemshika farasi hewani nilipoona macho ya binti yametoka kwenye dari, yametua kwenye ubao, na yametulia. Mchezaji mwingine angelalamikia sheria ya kugusa. Mimi nisingeweza hata kulalamika, maana farasi yule yule niliyemgusa alikuwa na vyakula viwili: askari wa e5, au farasi wake wa d4. Stockfish inasema ningemla farasi mambo yangekuwa mazuri kabisa. Yeye angenirudishia kwa askari wake, tungekuwa tumelipana mmoja kwa mmoja, na mimi ningebaki na mchezo bora. Lakini farasi alikuwa na mlinzi, ilikuwa biashara. Askari alikuwa wa bure. Jamani, bure!

Nikala.

Malkia wake akatoka mpaka g5. Alitoka kwa mteremko mmoja mrefu, binti akabonyeza saa na kurudi kwenye dari yake. Malkia yule alikuwa anatazama pawili kwa mpigo: farasi wangu aliyeshiba, na askari wangu wa g2 aliyekuwa mlinzi wa ngome. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Hata hapo, inasema programu, nilikuwa sijafa: ningepiga f7 kwa askofu, cheki, mfalme wake angelazimika kutoka nyumbani akiwa na kandambili, kisha mimi ningemficha wangu pembeni pamoja na ngome yake. Ningempoteza farasi, ndiyo, lakini ningekuwa na askari wawili mkononi, katikati ya ubao ni kwangu, na mfalme wake anazurura.

Badala yake nikaona kitu kizuri zaidi, na hata leo nikikitazama bado ni kizuri. Farasi anakwenda vyumba viwili mbele na kimoja pembeni, na ndiye pekee anayewaruka wenzake bila kuomba njia. Kwa sababu hiyo anaweza kugusa kete mbili ambazo zenyewe haziwezi kumgusa. Kutoka e5 akiruka f7 anamla askari, na akiwa hapo mguu mmoja unamtishia malkia na mwingine unaitishia ngome. Malkia na ngome, kwa farasi mmoja! Mwenzako hawezi kuokoa vyote. Niliruka. Nikabonyeza saa kwa sauti. Nakiri nilijiegemeza kwenye kiti na kumtafuta kwa macho yule mzazi aliyenung'unika.

Binti akala g2 kwa malkia.

Mtego huu una jina. Ni wa Joseph Henry Blackburne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1841 na kufa mwaka 1924, bingwa aliyeogopwa Ulaya nzima mpaka akaitwa Kifo Cheusi, na aliyekuwa anaweza kucheza na watu kadhaa kwa wakati mmoja huku amefumba macho. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikaa kwenye migahawa ya kahawa, wapenzi wa mchezo wakija anawachezea hivi, anachukua shilingi yao moja, anaagiza kinywaji. Ndiyo maana wazungu wanauita mtego wa shilingi. Shilingi moja! Mimi nililipa ada ya kuingia, nauli ya bajaji kwenda na kurudi, kalamu niliyoisahau mezani, na Jumamosi nzima ambayo kwa kawaida ni ya nyama choma kwenye mnada wa Msalato.

Hatua ya sita. Malkia wake sasa alikuwa jirani na ngome yangu na alikuwa anaitaka. Nikaiokoa. Niliisogeza vyumba viwili pembeni, f1, ikakaa ubavuni mwa mfalme. Hatua ya busara, ya kibaba. Akala askari wangu wa e4, cheki. Hatua ya saba nikamrudisha askofu mbele ya mfalme wangu kama ngao.

Farasi wake akatua f3.

Nilitazama ubao muda mrefu, si kwa kutafuta njia ila kwa mshangao wa kweli, maana ni kazi safi. Mfalme wangu alikuwa nyumbani kwake, hajatembea hata hatua moja tangu asubuhi. Kushoto kwake malkia wangu. Kulia kwake ngome yangu, niliyoiweka hapo mwenyewe, kwenye chumba pekee ambacho angeweza kukimbilia. Mbele kushoto askari wangu, mbele kulia askari wangu, mbele kabisa askofu wangu. Askofu yule anamwona farasi wa f3, yuko chumba kimoja tu mshazari, anaweza kumla. Lakini hawezi kuondoka, kwa sababu nyuma ya chumba alichosimama yuko mfalme na mbele yake, kwenye mstari ule ule, yuko malkia wa binti anasubiri apishe. Mfalme amekufa kwa kukosa pumzi, amezungukwa na watu wake mwenyewe, wote wako hai, wote wana vyeo, hakuna hata mmoja anayeweza kumsaidia. Katika mji wenye Bunge, hali hiyo haihitaji maelezo zaidi.

Nilipoinua macho nikagundua kwamba nyuma yangu walikuwa wamesimama watu. Walikuwepo tangu hatua ya nne. Walimu, wazazi, kijana wa kugawa maji. Waliona nikinyoosha mkono kwenda kwenye kile kizibo cha bure na hakuna aliyekohoa. Kusema ni marufuku, ndiyo, nimeisoma kanuni. Mama wa binti alikuwa anarekodi. Kwenye drafti nikila nikafa, nimekufa kwa sheria na sita wamenililia. Hapa nilikula kwa hiari yangu na kumbukumbu imehifadhiwa kwenye simu ya mtu.

Mzunguko wa pili nilishindwa na kaka yake.

Wa tatu ulikuja baada ya pilau, na saa ndiyo iliyoniamsha. Pilau lenyewe sina neno nalo. Kule Katwe, Kampala, kocha Robert Katende alianza kuwavuta watoto kwenye sataranji kwa kikombe cha uji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaja kuichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya mwaka 2010 huko Urusi, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu. Kwa hiyo chakula kinafanya kazi. Inategemea kimemwingia nani.

Wa nne, sare ilikuwa mezani, sikuichukua.

Wa tano sikucheza. Utaratibu wao ni ule uliotumika mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1895: hakuna anayetolewa, kila mzunguko walioshinda wanakutana na walioshinda na walioshindwa wanashushwa wakutane na wenzao, mpaka kila mtu amezama mpaka kwenye kina chake. Nilikuwa nimezama mpaka meza ya mwisho, viti vyake vifupi, mpinzani wangu wa mzunguko wa nne miguu haifiki chini. Tena wachezaji wakiwa witiri, mmoja anakosa mwenzake, na huyo anakuwa aliye chini kuliko wote. Anapewa pointi moja bure. Hiyo niliipokea, na safari hii hapakuwa na malkia nyuma yake.

Halafu akaja mgeni rasmi kufunga, na hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Alisema sataranji inakuza akili. Alisema inafundisha uvumilivu, kupanga mbele, kufanya maamuzi magumu, na kwamba vijana wanaokaa wakitafakari juu ya ubao ndio viongozi wa kesho. Tulipiga makofi. Watoto wakapewa vyeti na medali, picha zikapigwa. Yote sawa, na yule binti alistahili zaidi ya alichopewa.

Ila mimi nilikuwa naufikiria ubao wa pale Majengo. Ni ule ule. Vyumba 64, nane kwa nane, cheusi na cheupe. Fundi viatu aliyekuwa anakaa chini ya mwarobaini anaona mbali kuliko mtu yeyote niliyemwona ukumbini. Anakulisha kete ya kwanza na tayari ameshajua ya nne utailaje. Huyo anapanga mbele. Huyo anavumilia. Siku moja walikuja watu na gari, benchi likapakiwa, ubao ukavunjwa kwa buti, wachezaji wakaambiwa waache uzembe na uzururaji. Mji umekua, makao makuu yanataka kupendeza, na wazee kukaa kivulini wakitafakari juu ya ubao hakupendezi. Ukifanyia ndani ya ukumbi, kwa ada, kete zikiwa zimechongwa, hiyo ni akili. Ukifanyia chini ya mti kwa vizibo vya soda, huo ni uzembe, na kuna vifungu vya sheria tulivyorithi kwa Mwingereza vya kukushughulikia. Mwalimu Nyerere alikuwa anacheza bao, tena alilipenda, na sijasikia aliyethubutu kumwita mzururaji.

Mwarobaini bado upo. Fundi amehamishia sanduku lake kwenye korido ya duka, na ubao hana. Anacheza kichwani na yeyote anayejua kuzitaja kete.

Mashindano ya mwakani yakitangazwa, naomba mwandaaji apeleke fomu moja pale Majengo. Ada ya fundi nitalipa mimi. Sheria za farasi na askofu atazielewa kabla ya chai, nina hakika, na ile ya kula si lazima aelezwe mapema, mara mbili, na mtu anayemheshimu. Mimi mnipange popote, ila si meza namba nne.